Barabara ya Divai Wakati wa Majani Kuanguka
Kutoka Marlenheim mpaka Thann: safari ya siku tano katika inchi ya Alsace



Mwezi huu tunakuomba ufunge mukoba mudogo na kutufuata. Si wengi kati yetu watafika kule kwa miguu yao: visa ni ngumu, na bei ya ndege inapita mushahara wa miezi mingi. Lakini ukurasa wa gazeti hauombi visa. Na wewe mwenye ndugu Bruxelles, ujue kwamba kutoka kule mpaka Alsace ni kilometri zaidi ya 400 tu. Pengine siku moja watakupeleka.

Labda utauliza: sisi watu wa migodi, tunatafuta nini katika mashamba ya divai ya Wazungu? Ulizo ni zuri. Jibu liko mwisho wa barabara, pale mizabibu inapoisha na mashimo ya madini yanapoanza. Lakini tusikimbie. Barabara hii ni ya polepole.

INCHI KATIKATI YA MULIMA NA MUTO

Alsace iko upande wa mashariki ya Ufaransa. Ni inchi ndefu na nyembamba. Upande mumoja kuna milima ya Vosges. Upande mwingine kuna muto Rhin, na ng'ambo ya muto ni Ujerumani. Ile milima inafanya kazi kubwa. Mawingu yanatoka magharibi, yanapanda Vosges, yanamwanga mvua kule juu, na yakifika upande huu yamekwisha kukauka. Muji wa Colmar unapata chini ya milimetri 600 za mvua kwa mwaka. Lubumbashi inapata karibu mara mbili ya ile. Muzabibu unapenda hivi: jua usoni, miguu mikavu. Ndiyo sababu mashamba yamepangwa kwenye muteremko wa chini wa mulima, yanaangalia mashariki, jua linapotoka.

Barabara ya Divai ilifunguliwa mwaka wa 1953. Inaanza Marlenheim kaskazini na inaishia Thann kusini, kilometri karibu 170. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu 120. Ongeza 50, umeipata. Motokari nzuri ingeimaliza kwa nusu ya siku, lakini mutu anayeimaliza kwa nusu ya siku hajaona kitu. Tuipe siku tano.

Na tuifanye mwezi wa kumi. Kule Ulaya, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, siku zinafupika, baridi inaingia, na miti inaacha majani yake. Sisi wa Katanga tunajua majani mekundu pia. Mwezi wa nane na wa tisa, mbele ya mvua, miti ya pori letu inavaa majani mapya yenye rangi ya shaba. Lakini kwetu ile rangi ni ya mwanzo, sawa mutoto muchanga. Kule ni ya mwisho: jani limemaliza kazi, linageuka manjano, kisha nyekundu, kisha linaanguka. Ukisimama juu ya kilima utaona mulima wote umegeuka, mustari kwa mustari, kila aina ya muzabibu na rangi yake. Ni kama kitambaa kilichoshonwa na mama mwenye subira.

SIKU YA KWANZA: MAVUNO, NA KAMBI YA MAJIWE

Ukitoka Marlenheim, motokari haziendi mbio. Mbele yako kuna trakta ndogo inayovuta zabibu, na huwezi kuipita. Mavuno yanaanza mwisho wa mwezi wa nane ao mwanzo wa tisa, na yanaweza kuendelea mpaka wa kumi na kupita, kufuatana na aina ya zabibu. Pale muteremko ni mukali, masheni hazipandi: watu wanakata kwa mikasi, kichala kimoja kimoja, mugongo umeinama. Hata pahali pa tambarare, zabibu za ile divai ya povu inayoitwa crémant ni lazima zikatwe kwa mikono. Sheria inadai hivyo. Usiku utasikia katika vijiji arufu ya zabibu iliyokamuliwa.

Wakati huu wanauza pia maji ya zabibu yaliyoanza tu kuchacha, matamu na mazito kidogo, pamoja na mukate na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Hapa tuambiane wazi, zaidi ninyi vijana. Sheria ya Ufaransa haikubali mutu aendeshe motokari akiwa na nusu gramu ya pombe katika litri moja ya damu. Ndiyo maana, katika kundi la wasafiri wenye akili, yule anayeshika usukani anakunywa maji ya zabibu yasiyochacha. Yako, na ni matamu.

Juu ya muji wa Obernai kuna mulima wa Sainte-Odile, mita 763, na nyumba ya watawa juu yake. Odile ni mutakatifu wa Alsace. Wazee wanasimulia kwamba alizaliwa kipofu na akaona siku ya ubatizo wake. Mpaka leo watu wanapanda kwenda kunawa macho kwenye chemchemi yake. Kutoka pale unaona uwanda wote wa Rhin, na siku ya hewa safi unaona milima ya Ujerumani.

Kama una saa mbili zaidi, ingia ndani ya milima mpaka Natzweiler. Hutapenda, lakini ni vizuri kufika. Mwaka wa 1941 watu wa Hitler walifungua pale kambi ya Struthof. Juu ya nini pale, juu ya mulima wenye baridi? Kwa sababu ya jiwe: graniti nzuri ya rangi nyekundu-nyeupe, waliyoitaka kwa majengo yao makubwa. Wafungwa ndio walioitoa. Watu karibu 52,000 walipita katika ile kambi na matawi yake, na maelfu mengi hawakutoka. Sisi tunaotoka katika inchi ya majiwe ya bei kali hatuhitaji kufasiriwa sana. Pahali jiwe linapohesabiwa kushinda mutu, kifo hakiko mbali.

SIKU YA PILI: NYUMBA YA MUFALME NA MASHIMO YA FEZA

Asubuhi, karibu na muji wa Sélestat, inua macho. Kule juu kabisa, juu ya miti ya manjano, kuna ngome ya Haut-Koenigsbourg. Ngome ya zamani iliharibiwa na askari wa Uswedi mwaka wa 1633, ikabaki magofu miaka mingi. Kuanzia 1900 mpaka 1908 ikajengwa upya na Wilhelm wa pili, mufalme wa Wajerumani. Hakujenga bure. Alitaka kila mutu anayepita katika uwanda aone kwamba inchi hii ni ya Ujerumani. Miaka kumi tu ikapita: vita ikaisha, na mwaka wa 1919 ngome ikawa mali ya serikali ya Ufaransa. Nyumba ya kiburi ikabadilisha mwenyewe, lakini mizabibu ya chini yake haikuhama hata hatua moja.

Hapa ni lazima kujua historia kidogo. Mwaka wa 1871 Ujerumani ilishinda Ufaransa na kuchukua Alsace. Mwaka wa 1918 Ufaransa ikairudisha. Mwaka wa 1940 Ujerumani ikaichukua tena, na mwaka wa 1945 ikarudi Ufaransa. Hesabu wewe mwenyewe: mutu aliyezaliwa 1865 na kufa 1946 alibadilisha inchi mara nne bila kuhama nyumba. Kila mara, majina ya barabara yalibadilika, luga ya shule ilibadilika, feza ilibadilika. Hii tunaielewa vizuri. Muzee wa kwetu amezaliwa Élisabethville, akafanya kazi Jadotville, na leo anakaa katika miji ileile inayoitwa Lubumbashi na Likasi. Ameita jimbo lake Katanga, halafu Shaba, halafu Katanga tena, na tangu 2015 limegawanywa vipande vine.

Muchana, toka kidogo kwenye Barabara ya Divai na ufuate bonde linaloitwa Bonde la Feza, mpaka muji wa Sainte-Marie-aux-Mines. Sikia jina: Maria Mutakatifu wa Migodi. Katika miaka ya 1500 muji huu ulijaa wachimbaji kutoka Ujerumani na Austria. Walitoboa mulima kwa nyundo na patasi, wakafuata mushipa wa feza. Mashimo yao yako mpaka leo. Unavaa kofia ngumu, unapewa taa, na fundi anakuingiza. Mengine ni nyembamba hata unapita mabega pembeni, kwa sababu muchimbaji hakuvunja jiwe ambalo halikumulisha.

Nyuma ya feza walitoa pale pia kobalti, iliyotumika kutengeneza rangi ya buluu. Jina lenyewe limetoka kwa wachimbaji wa Ujerumani: walilaumu pepo mubaya wa mugodi, Kobold, juu ya lile jiwe lililowadanganya na kuwaletea ugonjwa badala ya feza. Leo dunia yote inalitafuta kwa betri, na Kolwezi inajulikana kila pahali kwa sababu yake.

Feza ikaisha. Muji ukageukia kazi ya kusuka vitambaa, na ile kazi pia ikapunguka. Leo, kila mwaka mwezi wa sita, Sainte-Marie-aux-Mines inafanya soko kubwa la majiwe mazuri kutoka inchi nyingi. Malakiti yetu, lile jiwe la kijani kutoka Katanga, linajulikana na kila mutu anayekusanya majiwe. Kumbe muji uliomaliza madini yake umejifunza kuishi kwa kuonyesha majiwe ya wengine.

SIKU YA TATU: KANISA LA MADHEHEBU MAWILI, NA KILIMA CHA MAKABURI

Hii ndiyo sehemu nzuri kabisa ya barabara. Vijiji vinafuatana sawa shanga: Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr. Nyumba ni za miti na udongo, zimepakwa nyekundu, buluu, manjano. Juu ya paa utaona matundu makubwa ya korongo. Mwezi wa kumi mengi ni matupu, kwa sababu ndege wengi wamekwisha kuondoka kwenda Afrika. Katika miaka ya 1970 korongo walikaribia kwisha Alsace. Zilibaki jozi chini ya kumi. Kuanzia 1976 watu wa Hunawihr wakafungua pahali pa kuwalea, na leo wako tele tena. Kitu kilichokaribia kufa kinaweza kurudi, kama watu wanakitaka kwa kweli.

Kule Hunawihr, panda mpaka kanisani. Kanisa lina ukuta murefu wa kujikinga, kama ngome, na mizabibu inakuja mpaka chini ya ukuta. Tangu mwaka wa 1687 Wakatoliki na Waprotestanti wanatumia kanisa hilo moja. Usizani kwamba walipendana siku ya kwanza. Ilikuwa amri ya mufalme wa Ufaransa, na magomvi hayakukosekana. Lakini miaka zaidi ya 300 imepita, na mulango ni mumoja.

Sasa angalia kitu cha ajabu. Riquewihr ni ya zamani kabisa, nyumba za miaka ya 1500 zimesimama. Unaendesha dakika chache, unafika Bennwihr, na kila kitu ni kipya: nyumba, kanisa, barabara. Sababu ni vita. Mwezi wa kumi na mbili 1944, Wajerumani walishikilia Colmar na mashamba yanayoizunguka. Bennwihr, Sigolsheim, Ammerschwihr vikawashwa moto na kuvunjwa. Riquewihr ikapona. Wakaaji wa Bennwihr walirudi wakakuta majivu. Walijenga upya nyumba, na katika mashamba yaliyojaa vyuma vya vita wakapanda tena mizabibu. Fikiri kidogo: muzabibu mupya unakaa karibu miaka mitatu mbele ya kutoa zabibu za divai. Mutu asiye na paa juu ya kichwa alipanda kitu ambacho hakitamupa kitu mwaka ule.

Juu ya Sigolsheim, katikati ya mizabibu, kuna kilima cha makaburi ya askari 1,589 wa jeshi la Ufaransa walioanguka pale. Karibu nusu yao walikuwa wana wa Afrika ya Kaskazini. Makaburi yao hayana musalaba, na yanaelekea Makka. Wakati wa majani kuanguka, kile kilima kinazungukwa na dhahabu pande zote. Mutu anasimama pale, anasoma majina, na anajiuliza: hawa vijana waliona muzabibu mara ngapi mbele ya kufa chini yake?

Na vijana wa Alsace wenyewe? Kuanzia mwaka wa 1942 Wajerumani waliwakamata kwa nguvu, karibu 100,000, na kuwavika nguo za jeshi la Ujerumani. Kijana akikimbia, jamaa yake ilifukuzwa. Wengi walikufa mbali katika baridi ya Urusi, katika vita isiyokuwa yao. Wazazi wanaosoma ukurasa huu mashariki ya inchi yetu hawahitaji kuelezwa namna gani inauma mutoto kuchukuliwa kwa nguvu na wenye bunduki.

SIKU YA INE: MUTOTO WA MUCHUNGAJI NA SURA YA MUTU MWEUSI

Kaysersberg ni muji mudogo wenye daraja la majiwe na ngome iliyovunjika juu yake. Pale, tarehe 14 mwezi wa kwanza 1875, alizaliwa Albert Schweitzer. Mwaka uleule jamaa yake ikahamia Gunsbach, kijiji cha bonde la Munster, baba yake alipokuwa muchungaji. Kanisa la Gunsbach pia lilitumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na Schweitzer alisema baadaye kwamba lile jambo lilimufundisha tangu utoto.

Kutoka Gunsbach aliletwa mara kwa mara Colmar. Kule aliona sanamu ya admirali Bruat, kazi ya Bartholdi, mwana wa Colmar, yule aliyetengeneza pia sanamu kubwa ya Uhuru ya New York. Chini ya admirali kulikuwa sura ya mutu mweusi wa Afrika, mwenye nguvu na mwenye huzuni. Mutoto Schweitzer alikwenda kila mara kuiangalia. Wanajeshi wa Hitler waliivunja ile sanamu mwaka wa 1940, na iliyo pale leo ni nyingine. Lakini ile sura ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Schweitzer alikuwa tayari mwalimu wa dini na mupiga kinanda mwenye jina, alipoanza kujifunza kazi ya munganga. Mwaka wa 1913 alifika Lambaréné, katika inchi ya Gabon, pamoja na bibi yake Hélène, akafungua hospitali. Lakini angalia mambo ya mipaka: kwa sababu Alsace ilikuwa ya Ujerumani, Wafaransa waliwahesabu kuwa adui, na mwaka wa 1917 wakawapeleka Ufaransa kama wafungwa. Alirudi Lambaréné mwaka wa 1924. Alipewa zawadi ya Nobel ya amani ya mwaka wa 1952, na akafa kule Gabon mwaka wa 1965. Kaburi lake liko Lambaréné. Waafrika wengi wamemulaumu pia, na lawama ile ina haki: aliwaona watu wa kwetu kama wadogo zake, si kama watu wa kipimo kimoja naye. Tuseme yote mawili. Nyumba yake ya Gunsbach inafunguliwa kwa wageni.

Mbele ya kulala Colmar, ingia katika nyumba ya Unterlinden. Kuna picha kubwa za mazabahu zilizopakwa na Grünewald karibu 1512 mpaka 1516. Zilikuwa Issenheim, kusini kidogo, katika nyumba ya watawa waliotunza wagonjwa wa “moto wa Antoni”. Ule ugonjwa ulitoka kwa kuvu ya nafaka: maskini walikula mukate mubaya, na mikono na miguu yao ikaoza. Mbele ya wale wagonjwa walisimamisha picha ya Kristo musalabani, na ngozi yake imejaa vidonda kama vyao. Hakuna maelezo mengi. Simama tu.

SIKU YA TANO: PALE MIZABIBU INAPOISHA

Unapita Eguisheim, kijiji kilichojengwa kwa duara, nyumba zinazunguka sawa konokono. Mashamba yanapunguka pole pole. Mwisho ni Thann, na kanisa lake kubwa la Thiébaut mutakatifu. Juu ya muji kuna shamba la Rangen, kwenye mulima mukali wenye majiwe ya volkano. Ni kama kupanda ngazi. Watu wamelima pale tangu miaka mamia na mamia, na bado wanalima.

Barabara ya Divai imeisha. Lakini sisi tuongeze kilometri chache, mpaka Wittelsheim, katika uwanda. Mwaka wa 1904 watu walitoboa udongo pale wakitafuta makaa na petroli. Aliyesukuma kazi alikuwa mwanamuke mwenye shamba, Amélie Zurcher, pamoja na Joseph Vogt, fundi wa kutoboa. Wakakuta potasi, chumvi ya chini ya udongo inayofanya mbolea. Shimo la kwanza likapewa jina la Amélie.

Vijiji vya wakulima vikawa miji ya wafanyakazi. Kampani ikajenga nyumba zilizofanana, kila moja na bustani yake, na mashule, na makanisa, na pahali pa michezo. Watu wa Poland wakaja kwa wingi kutafuta kazi. Mutoto wa mugodi alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, yote chini ya kivuli cha kampani. Si unaona picha? Ni Panda. Ni Kipushi. Ni kambi ambamo baba yako alipewa namba yake ya kazi.

Mwaka wa 2002 mugodi wa mwisho ukafungwa. Kilibaki nini?

Kwanza, milima ya chumvi. Mvua iliifua, chumvi ikaingia katika maji ya chini ya udongo. Chumvi nyingine ilitupwa katika Rhin, mpaka inchi ya Uholanzi, iliyo mwisho wa muto, ikalalamika, na inchi za muto zikafanya mapatano mwaka wa 1976. Milima ile ilisafishwa ao kufunikwa na majani kwa kazi ya miaka mingi na feza nyingi.

Pili, shimo lenyewe. Mwaka wa 1999 walianza kuweka takataka za sumu za viwanda ndani ya mugodi wa Wittelsheim. Waliambiwa pahali pale ni salama. Mwezi wa tisa 2002 moto ukawaka chini, na kazi ikasimamishwa. Takataka zaidi ya tani 40,000 zilibaki kule, na juu yake kuna moja ya akiba kubwa za maji ya Ulaya. Kuzitoa ao kuzifungia? Wakaaji na serikali wamebishana kwa miaka mingi mbele ya mahakimu.

Tusiseme kwamba shamba ni takatifu na mugodi ni zambi. Potasi ilikuwa mbolea, imelisha watu. Mushahara wa mugodi ulisomesha watoto, kule sawa na huku. Lakini muzabibu uliochomwa mwaka wa 1944 ulipandwa tena. Jiwe lililotoka halioti. Kwa hiyo mwenye shamba anaweza kukosea na kuanza upya. Mwenye mugodi ana nafasi moja tu ya kufanya vizuri, nayo ni wakati mugodi unafanya kazi. Wakati mushahara unaingia, lori zinapita, na kila mutu anasema “tutaona kesho”, ndio wakati wa kuuliza maji yatakuwaje, shule itakuwa ya nani, kijana atajua kazi gani nyingine.

Sisi tumeonja. Mugodi wa Kipushi, uliofunguliwa katika miaka ya 1920, ulisimama mwaka wa 1993. Muji ukalala njaa. Zaidi ya miaka 30 ikapita mbele ya kutoa zinki tena mwaka wa 2024. Wengi wanashangilia, na ni haki yao. Lakini hata mushipa huu mupya una mwisho wake.

Jioni, ukirudi Thann, mutavuka na mukulima anayeshuka Rangen na mikasi mukononi. Majani yanaanguka nyuma yake. Hana haraka. Katika miezi ya baridi atapanda kule tena, kukata matawi ya mwaka mupya.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI AO KATIKA KUNDI LA VIJANA

1. Katika muji wetu, ni kitu gani kilichokuwa cha kampani ambacho sisi wenyewe tungeweza kukitunza leo: shule, bustani, uwanja, kisima?

2. Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Nani anayapima, na sisi tumekwisha kumuuliza?

3. Watu wa Bennwihr walipanda muzabibu wakiwa hawana nyumba. Jamaa yetu inapanda nini ambacho kitazaa nyuma ya miaka mitatu?

4. Muzee gani wa kambi yetu anakumbuka mwanzo wa mugodi? Nani ataandika maneno yake mbele hajaondoka?